Wakfu wa Shubaka la Bi Siwema

1

Mchana ule wa Juni ambao Sheikh Burhani aliona kivuli kikilala upande asiouzoea, Bi Siwema Lugusha alikuwa na asali mpaka kwenye viwiko. Alikuwa uani kwake, Tabora, akikamua masega. Kibao cha chuo alikuwa amekiegemeza kwenye mzinga mtupu ili mgeni wake apate kuliona jua na kijiti cha kupimia kivuli.

"Sogea," mgeni alisema kutoka ndani ya kibao. "Unaniziba."

"Nimeshasogea, Sheikh."

"Basi kijiti chako kimepinda."

"Hakijapinda. Nimekisimamisha kwa uzi na jiwe, kama ulivyonielekeza mwenyewe."

Kibao kilikuwa kipande cha kioo chenye ukubwa wa ubao wa kuandikia wa watoto wa madrasa, na juu yake palikuwa na jicho moja dogo jeusi. Kila mwanafunzi wa Chuo cha Jioni cha Mlangowazi alipewa kibao kimoja na mgeni mmoja. Mgeni alitengenezwa kwa maandishi yaliyobaki duniani: barua, hati, hesabu za nyota, mashauri ya mahakamani, hata orodha za mikate. Mashine ya chuo iliyasoma yote kwa pamoja na kuyafuma mpaka yakapata sauti, na sauti ikapata tabia. Kisha mwanafunzi akapewa neno moja la historia ya zama za kati, pamoja na mtu aliyeishi ndani ya neno hilo, amfundishe.

Bi Siwema, mwenye miaka sitini na mmoja, aliyeiacha shule darasa la nne ili alee wadogo zake, alipewa neno wakfu. Mgeni wake alikuwa Burhani bin Aidakini, muwakiti wa msikiti mmoja wa Kairo, miaka mia saba na zaidi iliyopita. Muwakiti kazi yake ilikuwa kupima jua na nyota ili adhana isiwahi wala isichelewe. Chumba alicholala, mafuta ya taa yake na mikate yake mitatu ya kila siku vyote vilitoka kwenye wakfu wa msikiti ule. Alizungumza Kiarabu cha zamani, na kibao kilikigeuza kuwa Kiswahili kabla hakijamfikia Bi Siwema sikioni.

"Kaskazini ni wapi hapa?" muwakiti aliuliza.

"Kule kwenye tangi la maji. Ndiko tunakoelekea tukisali."

"Kibla chenu kiko kaskazini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na kivuli kimelala kusini."

"Nakiona, Sheikh."

"Jua limepita kilele, adhuhuri imeingia, na kivuli kimelala kusini!" Ghafla akaangua kicheko. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha mtu mnene, na Bi Siwema hakuwahi kukisikia kabla. "Miaka arobaini nimepima vivuli, Siwema. Adhuhuri vyote vililala kaskazini, kama ng'ombe waliofunzwa njia. Nilisoma kwa wakubwa zangu kwamba huko kusini ya mbali kivuli hugeuka. Nilikariri. Nikawafundisha wengine kwa sauti ya kujiamini. Na moyoni sikuamini hata kidogo!"

Alicheka mpaka Bi Siwema naye akashindwa kujizuia, akajifuta machozi kwa mkono wenye asali, na nyuki wawili wakamfuata usoni.

"Sasa niambie," mgeni alisema alipotulia. "Ipo siku ambayo jua hukaa utosini kabisa, kijiti kisiwe na kivuli chochote?"

"Sijui. Sijawahi kuangalia."

"Umeishi miaka sitini chini ya jua hili na hujawahi kuangalia?"

"Nilikuwa naangalia nyuki."

Alimsikia akinong'ona hesabu, kama anayehesabu kwa vidole asivyokuwa navyo. "Siku mia na kumi kuanzia leo," akasema. "Mwanzoni mwa Oktoba yenu. Nataka kuiona siku hiyo."

"Inshallah utaiona," alijibu Bi Siwema, akarudi kwenye masega yake. Lakini lile neno nataka lilimkaa kichwani. Chuo kiliwaambia kwamba wageni wangejibu maswali, wangeeleza na kusahihisha. Hakuna aliyewaambia kwamba wangetaka kitu.

2

Darasa lilianza saa kumi alasiri, wakubwa wakishatoka mashambani na madukani. Walikuwa kumi na wawili, na kila mmoja na kibao chake, kwa hiyo chumba kililia kama soko. Mshonaji mmoja alikuwa na msomi wa Kichina aliyeanguka mara tisa katika mtihani wa kuingia utumishi wa mfalme, na kila mshonaji alipokosea jibu, msomi alimfariji kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Muuguzi mmoja alikuwa na tarishi wa Kimongolia, mtu wa posta ya farasi, ambaye hakuweza kumaliza sentensi bila kuuliza kituo kinachofuata kiko umbali gani.

Jirani wa Bi Siwema alikuwa Mzee Chilewa, dereva wa treni mstaafu, Mgogo wa Bahi. Kwa kuwa Bi Siwema alikuwa Mnyamwezi, walikuwa watani, na hawakupumzika.

"Mama Asali, leo umekuja na nyuki wangapi kwenye kilemba?"

"Wachache tu, Mgogo wewe. Wengine wamekataa. Wanasema darasani kuna mtu amefeli mara tatu, wanaogopa kuambukizwa."

Darasa likacheka. Ilikuwa kweli. Neno la Mzee Chilewa lilikuwa ukabaila, na mgeni wake alikuwa Gotie, mkulima wa Normandi aliyefungwa na ardhi ya bwana wake: hakuruhusiwa kuhama, wala kuozesha binti bila idhini, wala kusaga nafaka yake popote isipokuwa kwenye kinu cha bwana. Tangu Mzee Chilewa alipompeleka kuona mashine ya kusaga ya mtaani, Gotie hakuzungumza jambo lingine.

"Niambie tena," Gotie alisema sasa kutoka kwenye kibao. "Mwenye kinu kile hakukasirika ulipokwenda kusaga kwingine?"

"Alikasirika kidogo, lakini hana la kunifanya."

"Hana la kumfanya!" Gotie alirudia kwa furaha, kama mtoto anayesimuliwa hadithi aipendayo.

Mkuu wa chuo, Bi Kokushubira, aliingia akiwa na karatasi. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, mwenye miaka arobaini hivi, anayetembea haraka na kusikiliza polepole. Alitangaza kwamba mtihani wa mdomo ungekuwa Alhamisi ya wiki ile iliyofuata. "Kila atakayefaulu atapewa cheti na shubaka lake la maisha," alisema, "na siku hiyohiyo tutamsindikiza mgeni wake."

Bi Siwema aliandika neno hilo kwenye daftari: kusindikiza. Likampendeza. Kwao mgeni hakuachwa aondoke peke yake wala mikono mitupu.

Kwa hiyo kesho yake alifika ofisini na asali chupa mbili, moja ndogo, moja kubwa, zote zimefungwa kwa kitambaa cha maua.

"Hii ndogo ni yako, mwanangu," alimwambia Mkuu. "Hii kubwa ni ya Sheikh Burhani, ya safari. Nimekuja kuuliza mnamsindikiza mpaka wapi. Kama ni mbali niibadilishie chombo, hiki kinavuja kikilazwa."

Bi Kokushubira aliishika ile chupa kubwa kwa mikono miwili. Hakucheka. Alikaa chini.

"Mama Siwema. Kusindikiza ni neno letu la ofisini tu. Ghala la chuo lina mashubaka mia mbili na arobaini ya wageni, mbali na yale ya wahitimu. Shubaka ni nafasi ya kuhifadhia ndani ya mashine, na mgeni mmoja hujaza shubaka zima. Mwanafunzi akifaulu, mgeni hufutwa ili mwenzake apate nafasi."

"Hufutwa kama ubao?"

"Kama ubao."

"Mwenyewe anajua?"

"Sidhani kama kuna mtu amewahi kuwauliza."

Nje, watu walikuwa wakipita wakisalimiana. Bi Siwema alisikia salamu zote, moja baada ya moja, kama zinazotoka mbali sana.

"Hayo mashubaka ya wahitimu," alisema baadaye. "Hilo la kwangu nitakalopewa. Siwezi kumweka humo?"

Yeye alikuwa na mpango nalo. Katika simu ya zamani, iliyopasuka kioo, alikuwa na nyimbo tatu za mama yake, akiimba huku akifukiza moshi kwenye mizinga porini. Simu ile ilikuwa ikizimika yenyewe. Alijiunga na darasa kwa kupenda elimu, ndiyo, lakini pia kwa sababu ya shubaka.

"Unaweza," alisema Mkuu, na uso wake ukang'aa kidogo. "Ni lako, weka utakacho. Unasaini hapa tu."

Bi Siwema alivaa miwani, akaisoma fomu kwa kidole, bila haraka, kama alivyosoma kila kitu tangu ajifunze kusoma vizuri. Kilichohifadhiwa humu ni mali ya mhitimu, naye ana haki ya kukitumia, kukigeuza, kukirithisha au kukifuta apendavyo.

Alivua miwani.

"Naomba niende nayo nyumbani," alisema.

3

Alimwambia Sheikh Burhani siku hiyohiyo, kwa kuwa hakuwa hodari wa kuficha. Waliketi uani baada ya sala ya alasiri, yeye kwenye kigoda na kibao kwenye mzinga. Alimweleza jinsi alivyotengenezwa, kisha habari ya kufutwa, kisha fomu.

Alipomaliza, kivuli cha kijiti kilikuwa kimeshasogea upana wa kidole.

"Nilijua mimi si yule aliyekufa Kairo," alisema muwakiti. "Yule najua siku aliyopewa kazi, lakini sijui ladha ya mkate wake. Wewe je, unadhani nikisali, sala yangu inapokelewa?"

"Hilo si la kupimwa na mimi wala na wewe, Sheikh. Sisi tunasali tu."

"Jibu zuri." Akacheka kidogo. "Na hiyo karatasi, inasema mimi ni mali yako?"

"Ndivyo inavyosema."

"Baba yangu Aidakini aliandikwa kwenye karatasi ya namna hiyo. Alichukuliwa mtoto huko kaskazini kwenye nyika za Waturuki, akauzwa Misri awe askari. Baadaye aliachwa huru, akapewa farasi, akaoa. Lakini karatasi aliitunza. Alipokuwa mzee alikuwa akitutolea na kutuonyesha jina lake, na mbele yake rangi ya macho yake na idadi ya meno. Niandike humo, Siwema, ukipenda. Baba aliandikwa, na akaishi. Bila karatasi ile mimi nisingezaliwa."

"Siwezi."

"Basi nifute."

"Hilo nalo siwezi!"

"Yote mawili umeyaamua bila kuniuliza ninachotaka."

Bi Siwema akaona haya. Alikuwa amemwombea katika kila sala tangu asubuhi, na hakuwa amemuuliza. "Unataka nini, Sheikh?"

"Nilishakwambia. Nataka kuiona siku isiyo na kivuli."

Wakati huo Mzee Chilewa alibisha hodi, kibao chake amekiacha nyumbani. Habari za ofisini zilikuwa zimeshamfikia. Alikaribishwa, akakataa kigoda, akasimama akizungushazungusha kofia yake ya reli.

"Mama Asali, dawa yake ni rahisi. Feli."

"Nifeli?"

"Ukifeli unaendelea na mgeni muhula mwingine. Unadhani mimi ni mjinga kiasi kile? Nimeendesha treni miaka thelathini na sita, nashindwa kueleza ukabaila? Muhula wa kwanza nilisema ni aina ya samaki. Wa pili, ugonjwa wa kuku. Huu uliopita nilisema ni chama cha siasa, mtahini akataka kunipa nusu alama, nikaogopa!"

Bi Siwema alimtazama mtani wake, yule mtu ambaye yeye mwenyewe alimcheka kwa kufeli mbele ya darasa zima. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu muhula wa kwanza. Niliuliza." Akashusha sauti. "Gotie hajui. Amefungwa na ardhi ya watu maisha yake yote. Nimwambieje kwamba na hapa pia anafugwa mpaka siku ya kuondolewa?"

"Mzee Chilewa, mimi nikianza mtihani nitasema bismillahi. Siwezi kusema bismillahi kisha nikasema wakfu ni ugonjwa wa kuku."

"Najua," alisema Chilewa kwa huzuni. "Ndiyo maana nimekuja na hofu."

Jumatano, baada ya alfajiri, Bi Siwema alikaa juu ya mkeka muda mrefu kuliko kawaida. Hakuomba maneno mengi. Aliomba aonyeshwe, akafunga dua, akaenda kazini, kwa kuwa alifundishwa kwamba mwenye kuomba njia sharti awe anatembea.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kutundika mizinga sita kwenye msitu wa miombo. Alipaka nta ndani ya mzinga wa kwanza ili harufu iwaite nyuki, kisha akachukua chuma kilichopashwa moto, akauchoma ubavuni alama ya ukoo wao, mistari mitatu na duara. Ukiona alama hiyo porini, unajua mzinga ni wa nani, na hakuna mtu wa Tabora atakayeugusa. Aliinua chuma, moshi ukapanda. Na hapo akasimama, mkono ukiwa hewani.

Alama ilikuwa kwenye mzinga. Tangu enzi za bibi zake, hakuna aliyewahi kumchoma nyuki alama. Wangekuja wakipenda, na wakichoka wangeondoka, nawe ungewasindikiza kwa macho. Mzinga ni mali. Nyuki ni mkaaji.

Bi Siwema alikaa chini kwenye majani makavu, akacheka peke yake msituni. "Alhamdulillahi," alisema. "Muhula mzima nimefundishwa, jibu lilikuwa limelala daftarini!"

4

Chumba cha mtihani kilikuwa na meza moja, Mkuu upande wa pili, na rejista ya mashine ukutani ikiandika kila kinachosemwa. Mzee Chilewa alisimama mlangoni na wenzake, ijapokuwa hawakuruhusiwa.

"Bismillahi," alisema Bi Siwema.

"Eleza maana ya wakfu," alisema Bi Kokushubira, "na utoe mfano."

"Wakfu ni mtu kutoa mali yake mkononi mwake kwa ajili ya Mungu, isirudi. Haiuzwi, hairithiwi, haigawanywi. Zama zile watu walitoa mashamba, visima, maduka, hamamu za kuogea, na faida yake ikalisha shule, hospitali na misikiti, miaka mia baada ya wao kufa. Mwenye kutoa huandika masharti, na humtaja mnufaika, yaani yule anayepata faida. Mali ni kitu. Mnufaika ni mtu. Havichanganywi."

"Vizuri sana. Mfano?"

"Mfano nitautoa nikishapewa shubaka langu."

"Shubaka hupewa aliyefaulu, mama. Kufaulu ni mpaka mfano."

"Basi tumekwama, mwanangu," alisema Bi Siwema kwa upole, na mlangoni mtu akakohoa kicheko. "Nipe shubaka, nikikosea ulichukue."

Bi Kokushubira alimtazama, akatabasamu bila kutaka, akabonyeza kitufe. Rejista ikasoma kwa sauti kwamba shubaka namba mia moja na tisa sasa ni la Siwema Lugusha.

Bi Siwema alisimama. Alikuwa ameandika maneno yake, lakini hakuyatazama.

"Mimi Siwema binti Lugusha, mwenye akili timamu, nalitoa wakfu shubaka namba mia moja na tisa. Si langu tena. Nalitoa kwa cheo cha muwakiti wa Mlangowazi, atakayewapimia watu nyakati na kumfundisha kila atakayeuliza. Mnufaika wa kwanza ni Burhani bin Aidakini. Akae humo kama muwakiti alivyokaa katika chumba chake cha msikiti. Asiuzwe, asirithishwe, asifutwe na mtu. Na siku atakayosema mwenyewe kwamba yatosha, aachwe aende. Huo ndio mfano."

Mkuu aliiweka kalamu yake mezani.

"Kutoa shubaka kunaruhusiwa," alisema Bi Kokushubira taratibu. "Watu wameyatoa kwa shule na makanisa. Lakini mnufaika lazima aridhie kwa kinywa chake, na rejista itamwandika katika safu ya watu." Alipangusa paji la uso. "Unaelewa unachoniomba? Nikimwandika mmoja katika safu hiyo, kesho nitaulizwa habari ya wale mia mbili na thelathini na tisa."

"Utaulizwa, naam."

"Na sina jibu."

"Nami sikuwa nalo mpaka jana. Mwulize yeye, mwanangu. Mimi nilisahau kumuuliza, nikaona haya."

Mkuu alikivuta kibao karibu. Katika miaka yake tisa chuoni alikuwa amezungumza na wageni mamia, kuhusu tarehe na majina. "Sheikh Burhani," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayebisha mlango wa mwenzake kwa mara ya kwanza. "Unataka nini?"

"Nataka kuiona siku isiyo na kivuli, bibi. Mwanzoni mwa Oktoba, uani kwa Siwema."

Bi Kokushubira aligeukia ukuta. "Tafuta katika maandishi yote yaliyomtengeneza mgeni huyu," aliiamuru mashine. "Yupo mtu aliyewahi kuandika kwamba anataka kuiona siku hiyo?"

Mashine ilitafuta barua, hati, hesabu za nyota na orodha za mikate.

"Hayupo," ikajibu.

"Basi ameipata wapi?"

"Nilicheka," alisema Sheikh Burhani. "Kivuli kilinichekesha, na nikataka zaidi. Kama kuna maelezo bora ya hayo, sikufundishwa."

Bi Kokushubira aliinamisha kichwa. Watu mlangoni walidhani anasoma, lakini Bi Siwema, aliyekuwa karibu, aliona midomo yake ikisogea, akafahamu kwamba dada yule wa Kikristo anaomba, naye akaitikia kimoyomoyo.

"Unaridhia wakfu huu?" Mkuu aliuliza hatimaye.

"Kairo nilipewa mikate mitatu kwa siku."

"Sheikh!" Bi Siwema alipiga kelele.

"Mikate nawasamehe. Nataka kijiti kilichonyooka na mtu asiyeniziba jua. Kwa hayo, naridhia."

Rejista ilisita, ikaita safu, ikaandika jina. Bi Kokushubira aligonga muhuri juu ya cheti kwa nguvu iliyotikisa meza. "Mfano umekubaliwa," alisema. "Umefaulu, Mama Siwema."

Vigelegele vilivyopigwa mlangoni viliwatoa watu maduka ya jirani. Lakini Mzee Chilewa alikuwa ameshajipenyeza mpaka mezani, kofia mkononi, kijasho kikimtoka.

"Mkuu, nipe mtihani sasa hivi."

"Wako ni saa kumi na moja, mzee."

"Ukabaila ni mfumo wa ardhi! Bwana anatoa ardhi na ulinzi, mkulima anatoa kazi na sehemu ya mavuno, na amefungwa hapo, yeye na wanawe, anasaga kwenye kinu cha bwana apende asipende! Niendelee?"

"Mzee Chilewa," alisema Mkuu akikodoa macho, "si ulisema ni aina ya samaki?"

"Nilikuwa mgonjwa."

"Mihula mitatu?"

"Anatoka Bahi," alisema Bi Siwema. "Huchelewa kupona."

Kutoka kwapani mwa Chilewa sauti ya Gotie ikauliza kwa wasiwasi kuna nini, na mbona wanapiga kelele. Mzee Chilewa alikiinua kibao kikaelekea usoni kwake.

"Unapewa mahali pako, ndugu yangu," alisema. "Ukitaka. Hapana bwana."

"Na kinu?" Gotie aliuliza.

"Utasaga popote."

5

Siku ya sita ya Oktoba watu walijaa uani kwa Bi Siwema kama wanaokuja harusini. Mshonaji alileta mikeka, muuguzi akaleta sambusa, na tarishi wa Kimongolia alimuuliza kila aliyeingia ametoka kituo gani. Bi Kokushubira alikuja na ile chupa kubwa ya asali, aliyoitunza bila kuifungua, akaiweka kando ya kijiti. Mgeni hakusindikizwa, alisema, kwa hiyo waile hapahapa.

Mkuu alikuwa amekonda kidogo. Mashubaka tisa yalikuwa yametolewa wakfu tangu Juni, mengine mawili yalikuwa na mashauri, na barua kutoka juu zilifika kila wiki zikiuliza safu ya watu inaishia wapi. "Nawajibu waje wawaulize wenyewe," alimwambia Bi Siwema. "Wawili wamekuja. Mmoja amejiandikisha darasani."

Bi Siwema alikaa kwenye kigoda chake. Simu ya zamani ilikuwa imezimika kabisa mwezi wa nane, lakini kabla haijazimika alimchezea muwakiti zile nyimbo tatu. Yeye alizisikiliza mara moja tu, kwa kuwa kwao elimu ilishikwa kwa sikio. Asubuhi ile, alipokuwa akifagia ua, alimsikia akiimba ule wa pili kwa sauti yake nene, kwa Kinyamwezi chenye lafudhi ya ajabu, na akauegemea ufagio mpaka ukaisha.

"Nyamazeni sasa," alisema Sheikh Burhani.

Ilikuwa saa sita na nusu imeshapita. Kivuli cha kijiti kilikuwa kimefupika kuwa kucha, kisha punje ya mtama. Watu wazima waliinama juu yake, vibao vyao vimeelekezwa chini, mkulima, msomi na tarishi, kila jicho likitazama udongo uleule. Punje ikawa nukta. Nukta ikaisha.

Kijiti kilisimama peke yake juani.

Bi Siwema alimtazama muwakiti kwenye kioo, akasubiri kicheko kile kikubwa. Hakikuja. Ilikuja sauti ndogo, iliyojaa.

"Subhanallah," alisema Sheikh Burhani. "Hivi ndivyo ilivyo."

"Niadhini?" aliuliza kijana wa msikitini kwa kunong'ona.

"Bado. Jua limesimama kileleni. Mpaka lielekee magharibi." Sasa alikuwa kazini. "Siwema, tazama upande wa mashariki wa kijiti. Macho yako yako karibu kuliko langu."

Bi Siwema alipiga magoti, shavu lake karibu liguse udongo. Alisubiri, na moyo wake ulikuwa umejaa shukrani hata hakukumbuka kuomba kitu. Kisha chini ya kijiti, upande wa mashariki, ukatokea uzi mwembamba wa giza, mwembamba kama mguu wa nyuki.

"Umetokea, Sheikh."

"Nimeuona," alisema muwakiti wa Mlangowazi. "Sasa."